Si kiporo, ni kodi: Kwa nini Call of Duty bado inatugawanya

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa PS, kile kibanda cha mabati nyuma ya steji ya matatu. Unajua vile huwa. Televisheni sita, viti vya plastiki, harufu ya smokie na kachumbari kutoka kwa jamaa wa nje, na vijana ukutani wakingoja zamu. Skrini tano zilikuwa na kandanda kama kawaida. Ya sita ilikuwa na Call of Duty: Black Ops 7, na kelele yote ilitoka upande huo.

Jamaa mmoja mwenye kofia ya kijani aliweka pedi chini katikati ya mechi akasema, "Hii ni kiporo, wasee. Ni ile ile ya 2012, wameipasha tu moto." Mwenzake akamjibu bila kuondoa macho kwenye skrini: "Kama ni kiporo, mbona umelipa na ukapanga laini?"

Kibanda chote kikacheka. Lakini ubishi haukuisha. Kuna waliosema gemu hii ilikufa zamani, na kuna waliosema wanaolalamika wamezeeka vidole. Mwishowe mwenye kibanda akatishia kuzima stima ndipo watu wakatulia.

Nilienda nyumbani na swali hilo kichwani, kwa sababu nimelibishania tangu nikiwa Form Two na nimebadilisha msimamo mara tatu. Leo nataka tulimalize, mimi na wewe. Je, Call of Duty bado ina ladha, ama tunakula chakula cha jana kila mwaka?

Kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Sina cheti cha chochote. Nilitoka chuo nikiwa mwaka wa pili, 2020, na tangu hapo naandika na kuokoteza kazi za mtandaoni. Sijui kutengeneza gemu. Ninachojua ni kushika pedi na kuhesabu pesa, maana pesa zikiwa chache unajifunza kuzihesabu.

Tulikotoka

Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2003, la kompyuta. Studio iliyolitengeneza, Infinity Ward, ilikuwa changa. Ilianzishwa 2002 na watu waliotoka kutengeneza Medal of Honor: Allied Assault. Vita vilikuwa Vita vya Pili vya Dunia, nawe ulipigana kama Mmarekani, Mwingereza na Msovieti. Kilichovutia ni kwamba hukuwa shujaa wa peke yako wa sinema. Ulikuwa na wenzako pembeni, wanapiga kelele, wanakufunika kwa risasi, wanaanguka. Ulijihisi mdogo ndani ya kitu kikubwa.

Halafu ikaja 2007 na Call of Duty 4: Modern Warfare. Hapo waliacha vita vya babu zetu wakaja vita vya kisasa. Wengi wanaikumbuka kwa hadithi yake, lakini mapinduzi yenyewe yalikuwa upande wa kucheza na watu mtandaoni. Unaanza levo ya 1, unapanda hadi ya 55, na njiani unafunguliwa bunduki na uwezo mpya. Ukiangusha watu watatu bila kufa unapata rada. Watano, ndege zinamwaga mabomu. Saba, helikopta inakuja kukufanyia kazi. Ukifika 55 unaweza kufuta kila kitu na kuanza upya, ukapewa nembo ya kuringia.

Leo haya yanaonekana ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo sifa yake. Ukiona gemu yoyote ya simu inakufungulia bunduki kwa sababu umefika levo ya 20, jua imekopa kutoka kwa gemu hiyo.

Mwaka uliofuata studio ya Treyarch ikaleta World at War, na ndani yake wakaficha zombi. Kuna watu wananunua Call of Duty hadi leo kwa ajili ya zombi pekee, hayo mengine hawayagusi. Kufikia 2011, Modern Warfare 3 iliingiza dola bilioni 1 katika siku 16. Rudia hesabu hiyo polepole.

Ukishaona pesa za aina hiyo, utaacha kutoa toleo kila mwaka? Hawakuacha. Tangu 2005 hakuna mwaka uliopita bila toleo kuu. Studio zinapokezana kama madereva wa basi la usiku: Infinity Ward, Treyarch, Sledgehammer. Mmoja akishuka mwingine anashika usukani, gari halisimami.

Walilia, wakapewa, wakalia tena

Sasa sikiza hii, maana hapa ndipo sisi mashabiki tunajiaibisha.

Baada ya 2011 malalamiko yalianza kupanda. Bunduki zile zile, mbio zile zile, milipuko ile ile. Basi 2014 wakatupa Advanced Warfare, ambapo askari amevaa mitambo mwilini na anaruka juu ya nyumba. 2015 ikaja Black Ops III, unakimbia ukutani. 2016 wakapiga hatua ya mwisho, wakaenda anga za juu na Infinite Warfare.

Mashabiki walifanya nini? Kionjo chake kilipowekwa YouTube kilipata alama za kutokupendwa zaidi ya milioni 3. Dunia nzima ilisema hiyo si Call of Duty tena, turudishieni askari anayekanyaga ardhi. Haya, 2017 wakarudi ardhini na kuturudisha hadi Vita vya Pili vya Dunia. Ndani ya miaka michache tulikuwa tena tunasema: aah, haya si tulishayaona?

Na kuna kitu kingine kuhusu Infinite Warfare ambacho watu husahau. Pamoja na makelele yote yale, ndiyo gemu iliyoongoza kwa mauzo Marekani mwaka huo wa 2016. Watu walibonyeza kidole cha chini kwa mkono mmoja na kulipa kwa mkono wa pili. Shika hilo, tutalirudia.

Unaweza kusema mashabiki hatujui tunachotaka. Mimi naona tunajua, ila tunalitumia neno "mpya" vibaya. Kuna upya wa macho: nguo mpya, bunduki mpya, sayari mpya. Na kuna upya wa moyo: ile hali ya kulala ukiwaza mechi ya kesho. 2014 hadi 2016 walitupa upya wa macho kwa wingi, na moyo ukabaki palepale. 2007 walitupa sababu ya kurudi kesho yake, na ndiyo maana tunaitaja hadi leo.

Kiporo cha mwenzako

Nikupe ushahidi wa hapa kwetu. Oktoba 2019 ilitoka Call of Duty: Mobile, imetengenezwa na TiMi, studio ya Tencent ya Uchina. Ukiikagua vizuri, hiyo gemu ilikuwa kiporo mtupu. Ramani zake za kwanza zilikuwa Nuketown, Crash, Crossfire, Hijacked, zote zimetolewa kwenye matoleo ya kati ya 2007 na 2012. Hata wahusika walikuwa wa zamani.

Lakini mtaani kwetu ilikuwa moto. Kwa nini? Kwa sababu wengi wetu hatukuwa na Xbox 2007. Hatukuwa na kompyuta yenye nguvu 2010. Crash tulikuwa tumeiona kwa video tu, tukimtazama kijana wa Ohio akicheza na kupiga kelele. Ghafla ramani hiyo iko ndani ya simu yako, bure, na unacheza na jirani wa ghorofa ya tatu. Tulicheza ngazini kwa sababu ndiko waifai ya plot ilikuwa inashika.

Miezi mitano baadaye, Machi 2020, ikaja Warzone, bure pia. Watu 150 wanarushwa kwa parachuti mji mmoja, na ukifa hufi moja kwa moja. Unapelekwa gereza, mnapigana wawili, mshindi anarudi vitani. Dunia ilikuwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona, na hapo ndipo watu walikutana.

Kwa hivyo kiporo cha mwenzako kinaweza kuwa chakula chako cha kwanza. Upya haukai ndani ya CD. Unakaa kati ya gemu na mtu anayeicheza. Jamaa wa kofia ya kijani amecheza miaka 13, na kijana wa miaka 15 aliyekaa kando yake ndiyo kwanza ameshika pedi. Hao wawili hawawezi kukubaliana, na wote wawili wanasema ukweli.

Kila upande una haki yake

Tuwe wa haki. Wanaosema imechacha wana hoja. 2023 ilipotoka Modern Warfare III, ramani 16 za mechi za kawaida zilizokuja nayo zote zilitoka Modern Warfare 2 ya 2009. Zote! Zilipakwa rangi, zikaongezewa mwanga, lakini kona za kujificha ni zile zile. Nuketown nayo imekuwa ikirudi tangu 2010 kama shangazi asiyeaga. Hapo huwezi kumwambia mtu eti anajifanya.

Wanaosema bado iko sawa nao wana hoja. Black Ops 6 ya 2024 iliwapa wachezaji uwezo wa kukimbia, kuteleza na kujirusha upande wowote, hata kinyumenyume. Inasikika kama jambo dogo. Lakini siku ya kwanza nilijirusha chali kutoka mlangoni huku napiga risasi, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka kumi ya mazoea ya mkono ilibidi niyafumue. Hiyo kwangu ni upya wa kweli.

Na kuna wale wa kandanda. Wanakuambia mpira umekuwa watu 11 kwa 11 miaka yote hii na hakuna anayesema Gor Mahia na AFC Leopards ni kiporo. Mashemeji Derby ikifika, watu wanajaa. Uwanja ni ule ule, mabao mawili, mpira mmoja, na bado roho inadunda. Mbona gemu ya bunduki itakiwe kujizaa upya kila mwaka?

Hoja hiyo ilinishinda kwa muda mrefu. Hata iliwahi kunibadilisha msimamo. Kisha siku moja nikaona pale inapovuja. Gor hawaambiwi kila Novemba kwamba uwanja wao umepitwa na wakati, viatu vyao havihesabiki tena, magoli yote waliyofunga yamebaki uwanja wa zamani, na kiingilio cha uwanja mpya ni hiki hapa, lipeni kila mchezaji. Wangeambiwa hivyo, derby ingekufa kwa miaka mitatu.

Kodi

Mtaani herufi COD tunazisoma "kodi". Ilianza kama mzaha. Siku hizi naona ndilo jina lake halisi.

Nikusimulie. 2019 tulikuwa wanne. Mmoja wetu alikuwa na PS4, sebule ya mamake ikawa kambi. Modern Warfare ya mwaka huo ilipotoka tulichanga, Sh1,600 kila mmoja, tukanunua CD. Ilikuwa chama kabisa, na sheria zake: ukifa mara mbili unapisha, ukila unaosha sahani. Sijawahi kucheka vile tena.

2020 toleo jipya likatoka. Mmoja akasema hana, na akaongeza kwamba hata hivyo ni ile ile. Tukachanga watatu, na kila mmoja akatoa zaidi. Sitakuficha, pesa yangu mimi ilikuwa imetengwa kwa kitu kingine huko chuoni. Sikuacha chuo kwa sababu ya gemu, deni la karo lilikuwa kubwa kuliko CD kumi. Lakini najua nilichofanya usiku ule na ninajua kwa nini nilikifanya: sikutaka kuwa wa pili kutoka.

2021 wa pili akatoka, kazi yake iliisha. 2022 tukabaki wawili, mimi na mwenye PS. 2023 mwenyewe akapata kazi nzuri, akahama, akanunua PS5 na gemu ya kupakua. Ya kupakua huwezi kumwazima mtu mfukoni. Mwaka huo mimi sikununua kitu. Kambi iliisha bila mtu kutangaza.

Silaumu mtu wala kampuni. Mifuko ilikuwa yetu na uamuzi ulikuwa wetu. Lakini tazama kilichotokea. Hakuna hata mmoja wetu aliyechoka kupiga risasi. Hakuna aliyechoka na ramani. Kila mwaka tulipofika kwenye kodi, mmoja alishindwa kulipa, na aliyeshindwa hakubaki nyuma na gemu tu. Alibaki nyuma na nyumba nzima ikahama. Mechi za toleo la zamani zinapungua watu, bunduki ulizofungua zinabaki huko, wenzako wanaongea lugha ya toleo jipya.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la kibandani ni hili. Call of Duty si kiporo. Kiporo ungekipasha ukala na rafiki zako hadi kiishe. Tatizo lake ni kuhamishwa nyumba kila mwaka na kuambiwa nyumba mpya ni nzuri zaidi, wakati wewe nyumba ya zamani ulikuwa hujamaliza hata kuipenda.

Hesabu ya mfuko wetu

Toleo jipya leo ni dola 70. Kwa dola ya takriban Sh129, hiyo ni zaidi ya Sh9,000 kabla mwenye duka hajaweka faida yake. Kwa wengi wetu hiyo ni kodi ya mwezi mzima ya bedsita. Kijana wa Marekani anailipa kwa mshahara wa siku moja ya kazi, wewe unaweza kuitafuta mwezi mzima. Gemu ni moja, bei ni moja, jasho si moja.

Ongeza intaneti. Modern Warfare ya 2019 pamoja na Warzone na masasisho yake ilifika kuzidi GB 200. Kwa mtu wa bando hiyo si gemu, ni mradi wa maendeleo.

Na sasa kuna hili la Black Ops 7 ya Novemba 2025. Zamani ukikosa intaneti ulikuwa na kampeni, ile hadithi unayocheza peke yako usiku, umezima data. Kampeni ya Black Ops 7 inataka uwe mtandaoni muda wote, na hata ukiicheza peke yako huwezi kuisimamisha. Huyo aliyeamua hivyo hajawahi kuishi mahali ambapo stima hupotea jioni bila hodi. Kwetu pozi si anasa. Mama akikuita unaenda.

"Basi cheza za bure." Sawa, nakubali, lakini fungua macho. Kwenye Call of Duty: Mobile kuna zile bahati nasibu za zawadi kumi. Kuvuta mara ya kwanza ni bei ya chini kabisa, unajiambia ni pesa ya chapati. Mara ya pili imepanda. Ya tano imepanda zaidi. Na ile bunduki ya kung'aa uliyoifuata inaweza kuwa ya mwisho kabisa kutoka, wakati ushatoa pesa ambazo hungetoa kama ungeambiwa jumla mwanzoni. Sisi ni kizazi cha mikeka. Harufu hiyo tunaijua. Usiseme hukuambiwa.

Wanasikia nini?

Rudi kwa Infinite Warfare. Vidole vya chini milioni 3, na bado ikaongoza mauzo Marekani. Kelele zetu zilikuwa kubwa na pochi zetu zilikuwa wazi.

Linganisha na mwaka 2025. Oktoba, Battlefield 6 ilitoka, ikauza zaidi ya nakala milioni 7 katika siku tatu. Mwezi mmoja baadaye ikaja Black Ops 7, toleo la pili la Black Ops mfululizo, na mapokezi yakawa baridi. Desemba Activision wakatangaza kwamba hawatatoa tena Modern Warfare wala Black Ops mbili mfululizo mwaka kwa mwaka. Hii ni kampuni iliyonunuliwa na Microsoft 2023 kwa dola bilioni 68.7, si watu wa kutishwa na maoni ya mtandaoni. Mimi nausoma mfuatano huo hivi: tulipiga kelele miaka kumi hawakugeuka, watu wakapeleka pesa kwa jirani, wakageuka mwezi mmoja.

Ndiyo maana ubishi wa kibandani, pamoja na utamu wake, hausaidii ukiishia kwa mdomo. Wanaosema kiporo na wanaosema moto wote walikuwa wamelipa. Kwenye vitabu vya kampuni hao wawili ni mtu mmoja.

Sasa mimi na wewe tufanye nini? Sikuambii uache. Mimi mwenyewe sijaacha. Nakuambia uanze kulipa kama mtu anayejua anachonunua.

Moja, usinunue kabla haijatoka. Hakuna kiti kinachoisha. Ngoja wiki mbili, kisha nenda kibandani, lipia mechi chache, uishike mwenyewe. Ukitoka hapo bado unaiwaza kesho yake, hiyo ina upya wa moyo. Kama huiwazi, umeokoa Sh9,000.

Mbili, ruka mwaka. Ama ruka miwili. Hutakufa na hutasahau kulenga. Kama hukuwahi kucheza ile ya 2007, iliboreshwa na kutolewa upya 2016, na kampeni yake bado inawashinda watoto wake wengi. Kwako itakuwa mpya kabisa.

Tatu, kama ni lazima ununue, nunua CD, na ununue na watu. CD inazunguka, inauzwa, inabadilishwa. Chama cha watu wanne ni bora kuliko maktaba ya mtu mmoja.

Nne, pesa ya bahati nasibu iandike mahali. Kila ukivuta, andika. Mwisho wa mwezi jumlisha. Sitaongeza neno.

Kuna atakayesema hii yote ni gemu tu, mbona naandika kama bajeti ya serikali. Buda, kwa vijana wengi wa mtaa huu hiyo ndiyo sebule waliyo nayo. Wengine wana klabu, wengine wana safari za Naivasha. Sisi tulikuwa na PS4 moja na mama aliyetuvumilia. Mtu anapoongeza kiingilio cha sebule hiyo kila mwaka, hilo si jambo la watoto.

Desemba hii iliyopita tulikutana wanne kwenye harusi ya dadake mmoja wetu. Baada ya kula tukajikuta nyuma ya hema, simu mkononi, tunapakua Call of Duty: Mobile kwa waifai ya ukumbi. Simu yangu ilikuwa inachemka kama jiko. Tukaingia Crash, ramani ya 2007. Nilikufa mara kumi na nne. Mwenye PS akaniambia niende nikaoshe sahani.

Hiyo ramani ina umri wa mtoto aliyemaliza sekondari. Haikuwa kiporo hata kidogo.

Novemba itafika tena, na kionjo kitakuwa kitamu, maana vionjo huwa vitamu kila mwaka. Kabla hujalipa kodi, piga simu kwanza kwa wale uliokuwa ukicheza nao. Uliza nani anaingia. Wakikuambia hawana, huenda gemu unayoihitaji tayari mnayo.